Sikio la Kulia

Simu ya zamu ya usiku naipokea kwa sikio la kulia.
La kushoto lina habari zake,
sizisimulii kazini.

Nyumba yetu haina kibao.
Majirani hapa Butte wanadhani ni hosteli ya wauguzi,
nasi tunawaachia dhana yao,
tunamwaga chumvi kwenye barafu ya ngazi kama watu wengine.

Marlys alikuja Februari, saa tisa usiku,
theluji ikiwa magotini.
Mwanawe Wyatt alivaa buti za mtu mzima
zilizonyakuliwa gizani: kushoto na kushoto.
Ndani ya mfuko mweusi wa taka mlikuwa na pasi,
albamu isiyo na picha,
na chupa ya chachu ya bibi yake.
"Hii ikikaa siku tatu bila unga, inakufa,"
alisema, kabla hajanitajia jina.
Nikaenda kutafuta unga.
Fomu ikasubiri.

Swali la saba la fomu: Taja tarehe ya tukio la kwanza.
Nimelisoma kwa sauti mara mia kadhaa
na bado hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.
Marlys alicheka, kama kile ni kicheko.
"La kwanza lipi? Aliponipiga,
au nilipoomba msamaha mimi?"
Fomu haina nafasi ya jibu hilo.
Nililiandika pembeni, kwa penseli.

Wafadhili huja Oktoba.
Huuliza, kwa upole kabisa: mbona hawaondoki?
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Simjibu mtu hivyo. Nawaonyesha mashine mpya ya kufulia.

Kazi yangu, kama kuna anayeuliza kweli,
ni kuketi mahakamani upande ule wa benchi
ambako mwili wangu utaziba macho
ya mtu fulani aliyenyoa vizuri, mwenye tai.
Ni kujua kwamba hakimu wa Jumanne hana haraka.
Ni kufumua mgongo wa mwanasesere kwa mkasi wa kucha
kutafuta kidude kinachopeleka habari za walipo.
Tulikipata. Kidogo kuliko kifungo cha shati.

Siku ya kumi na tisa Marlys alirudi kwa mumewe.
Hatuombi, hatushiki mkono. Ndiyo kanuni,
na niliipigia kura mwenyewe.
Nikamfungia mkate,
nikaandika namba yetu ndani ya lebo ya koti la Wyatt,
tarakimu kinyumenyume.
Mtoto alisahau buti moja. Ya kushoto, bila shaka.
Bernadette wa zamu ya mchana alitaka kuitupa.
Nikasema, iache hapo, kwenye kabati la unga.

Chachu aliniachia nusu.
"Ilishe." Hakusema mpaka lini.

Machi. Aprili. Barafu ikapasuka kwenye mifereji.
Kila siku ya tatu, vijiko vya unga, maji ya vuguvugu.
Kuna usiku niliilisha nikiwa na hasira,
na hasira haikuwa ya yule mwanamume.
Ilikuwa ya Marlys. Nalisema mara moja tu, hapa.

Kisha leo, simu.
Pumzi tu, na friji ikinguruma nyuma yake,
na mbali, chumba kingine, kikohozi cha mtu wa pili.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Sikuuliza jina. Nikawa mashine ya stendi ya mabasi:
basi la kwanza, saa kumi na mbili na dakika kumi,
kituo mbele ya duka la rangi,
watoto hawalipi.
Halafu, kwa sauti ileile isiyo na mtu:
chachu ingali hai.

Pumzi ilikatika, ikaanza upya.
Au labda ni sikio langu.
Simu ikakatwa.

Sasa ni saa kumi na moja. Mvua, si theluji;
chumvi haina kazi.
Nimepangusa vumbi kwenye buti.
Nimewasha oveni, nimewasha taa ya ngazi,
nimevuta kiti dirishani
na kukigeuza kidogo,
sikio la kulia lielekee barabarani.